Draya saba, swali moja: maji yanatokea wapi?

Kazi yenyewe

Duka la dobi, Mombasa. Draya saba, yaani mashine za kukaushia nguo, za mitumba zilizoshuka kwa makontena tofauti: tano za Uingereza, moja ya Dubai, moja ya Marekani. Hakuna iliyokuja na kitabu chake. Utunzaji uliokuwa ukijulikana ni mmoja: wavu wa mlangoni unavutwa, unakung'utwa, unarudishwa. Kwa mashine mbili utunzaji huo unakaribia kutosha. Kwa nyingine, uchafu umekuwa ukijikusanya mahali ambapo hakuna mkono uliowahi kufika.

Uchafu wenyewe ni nyuzi laini zinazobanduka nguoni na kugandamana kama usufi wa mto. Tutaziita usufi hivyo hivyo. Ni nyepesi, zinashika unyevu, na zikikauka zinawaka upesi kama karatasi.

Kazi ina sehemu tatu: kujua kila draya ni ya aina gani, kutafuta kila mahali panaponasa usufi ndani yake, na kuandika kadi ya matunzo ya kubandika ubavuni. Mashine zimepewa namba D1 hadi D7.

Kipimo tunachotumia ni taulo sita zile zile. Zikiwa kavu zina uzito wa kilo 3.0, zikitoka kukamuliwa kwa mizunguko 1,200 kwa dakika zinafika kilo 4.6. Kwa hiyo kila mashine inadaiwa kutoa kilo 1.6 za maji. Tunaandika dakika ilizotumia kabla ya kuguswa, kisha dakika baada ya kusafishwa. Mizani haidanganyi kama kiganja: taulo moto hudhaniwa kavu hata ikiwa bado na unyevu.

Siku ya 1: Kutambua aina

Plagi zote zimetolewa ukutani, mitungi ya gesi imefungwa, ndipo kazi ikaanza.

Chapa haisaidii. Kampuni moja inaweza kutengeneza aina zote, tena kwa umbo la nje linalofanana. Linalosaidia ni kuuliza maji ya nguoni yanatokea wapi. Kila aina ya draya ni jibu lake tofauti kwa swali hilo.

Anza nyuma ya mashine. Ukikuta tundu la mviringo lenye upana wa kama sentimita 10, hiyo ni draya ya bomba: inavuta hewa ya chumbani, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo na kuitupa nje pamoja na mvuke wake. Baadhi zina matundu mawili, moja nyuma na jingine ubavuni, na moja limezibwa kwa kifuniko. Usilichanganye tundu hilo na dirisha la vipasuo vyembamba. Vile ni vya kupoza mashine, si vya bomba.

Kama hakuna tundu, tafuta tangi la maji. Mara nyingi ni droo iliyo juu kushoto, na mara chache iko chini. Kuna tangi, au mpira mwembamba unaokwenda kwenye mfereji? Basi mashine inageuza mvuke kuwa maji humo humo ndani. Hapo bado zimebaki aina mbili, na ndipo wengi wanapokosea.

Fungua kijilango cha chini mbele. Ukikuta vikomeo viwili vya kugeuza na nyuma yake boksi zima linalovutika kama droo, ni draya ya kondensa. Ukikuta sponji, na nyuma ya sponji mapezi (vibamba vyembamba vya alumini) yaliyokazwa yasiyotoka, ni draya ya pampu ya joto, yaani ndani yake kuna kompresa na gesi kama ya friji. Hakikisha kwa stika: ya pampu ya joto lazima itaje gesi na gramu zake, kwa kawaida R134a au R290. Tena soma wati. Draya ya bomba au ya kondensa ya nyumbani ya Ulaya huwa kati ya 2,000 na 2,800. Ya pampu ya joto mara nyingi haifiki 1,000. Hata ukiisukuma utajua, maana kompresa inaongeza uzito.

Ikiwa mashine ina droo ya sabuni na mpira wa kuingiza maji kutoka bombani, ni ya kufua na kukausha pamoja. Hiyo ina mambo yake, tutaifikia.

Kwenye stika chukua namba kamili ya modeli, si jina lililoandikwa usoni. Stika huwa kwenye fremu ya mlango, ukifungua mlango unaiona, au mgongoni. Kwa Bosch na Siemens tafuta E-Nr. Kwa AEG, Electrolux na Zanussi tafuta PNC. Kwa namba hiyo kitabu cha maelezo kinapatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji bila malipo. Bosch na Siemens wana pia namba ya FD inayotaja tarehe: chukua tarakimu mbili za mwanzo uongeze 20, mbili zinazofuata ni mwezi. FD 9403 ni 94 na 20, yaani 2014, mwezi wa Machi. Muuzaji akikwambia mashine ni ya juzi, FD itakuambia vingine.

Kwa mzigo wa Uingereza kuna hatua moja zaidi isiyorukwa. Mwaka 2015 Whirlpool ilitangaza kwamba draya zake zilizouzwa huko kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline, zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015, zina hatari ya moto, kwa sababu usufi uliweza kufika kwenye hita. Mwaka 2019 zile ambazo hazikuwa zimerekebishwa ziliitwa zirudishwe. Zilizorekebishwa zilibandikwa alama ya kijani ya mviringo, ndani ya mlango au mgongoni. Mashine ya jina na umri huo isiyo na alama isiwashwe mpaka namba yake ihakikiwe. Kusafisha filta hakuondoi kasoro iliyo kwenye muundo. Tano zetu zimehakikiwa, hakuna iliyomo.

Matokeo ya siku: D1 na D2 za bomba. D3 ya bomba, ya Marekani. D4 ya bomba, ya gesi. D5 ya kondensa. D6 ya pampu ya joto. D7 ya kufua na kukausha. Kabla ya leo D5 na D6 zilihesabiwa kuwa aina moja, kwa sababu zote zina tangi.

Siku ya 2: D1 na D2, draya za bomba

Dakika za kabla: D1, 80. D2 ilikuwa inazunguka bila joto.

Filta ya D1 iko kwenye mdomo wa mlango, inavutika kwenda juu na kufunguka kama kitabu. Ndani ya kurasa zake kulikuwa na tabaka la usufi. Wafanyakazi walikuwa wanafuta nje tu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba inafunguka. Ya D2 ni kipande kimoja.

Usufi ukishatoka, wavu hupimwa kwa maji. Ulaze, umiminie maji kidogo. Yakipita mara moja, ni mzima. Yakisimama juu kama kwenye sahani, matundu yamezibwa na nta ya dawa ya kulainisha nguo. Nta hiyo haionekani kwa macho, wavu unang'aa kama mpya, na hewa haipiti. Filta zote mbili zilisimamisha maji. Dawa yake ni maji ya moto, matone machache ya sabuni ya vyombo na brashi laini, kuanzia upande usio na usufi ili uchafu usukumwe nje badala ya kushindiliwa. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Wavu wenye maji hugeuza usufi wa mzigo wa kwanza kuwa uji.

Chini ya nafasi ya filta kuna shimo refu linaloelekea kwenye feni. Tumelifyonza kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba. Kwenye D1 ulitoka usufi, vishikizo viwili, sarafu na mchanga. Mchanga unatokana na taulo za ufukweni, nao ni adui wa peke yake: hauzibi wavu, ila unakwangua sufi (si usufi), yaani felti ya kuziba inayozunguka mdomo wa dramu. Sufi ikiisha, nyuzi hupenya pembeni bila kupita kwenye filta. Taulo za pwani zikung'utwe nje kabla hata hazijafuliwa.

Halafu mabomba. Hapa ndipo palipokuwa na tatizo kubwa kuliko filta zote.

D1 na D2 zilikuwa zimeunganishwa kwenye bomba moja la plastiki la kukunjika, limelegea katikati kama kamba ya kuanikia, na mwisho wake ukutani umefungwa wavu wa mbu. Makosa manne kwa pamoja. Bomba la plastiki linaweza kushika moto. Mikunjo yake inakamata usufi, na palipolegea maji hutuama na kuugandisha. Mashine mbili kwenye bomba moja husukumiana mvuke, ile iliyozimwa ikapokea unyevu wa mwenzake. Wavu wa mbu, ambao kila fundi wa ujenzi hapa Pwani anauweka kwa nia njema, unageuka kuwa filta ya pili isiyofutwa na mtu yeyote. Ulikuwa umezibwa wote, umekuwa kama blanketi.

Kila mashine sasa ina bomba lake la bati gumu la sentimita 10. Maungio yamepangwa ili kipande cha kwanza kiingie ndani ya kinachofuata kwa kufuata mkondo wa hewa, usufi usipate ukingo wa kung'ang'ania. Hakuna skrubu inayochomoza ndani. Maungio yamezibwa kwa tepu ya karatasi ya alumini. Tepu ya kitambaa gundi yake hukauka kwa joto na kuachia. Nje tumefunga kifuniko chenye ulimi unaoinuliwa na hewa na kujifunga mashine ikizimwa. Mjusi haingii, na usufi hauzuiwi.

Kuhusu urefu, kanuni ya ujenzi ya nyumba za Marekani inaruhusu futi 35, kama mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 inakula futi 5 za hesabu hiyo. Bomba la D1 lina mita 2 na kona moja. Ukiweza kuhamisha mashine badala ya kurefusha bomba, hamisha mashine.

D2: joto halikuwepo kwa sababu ya fyuzi ya joto. Hiki ni kifaa kidogo karibu na njia ya hewa kinachokata umeme joto la hewa likipita kiwango, na kikikata hakirudi. Multimita kwenye ncha zake mbili ilionyesha umeme haupiti. Jambo la kutisha lilikuwa pembeni: vipande vya waya na alama za kuungua, dalili kwamba kuna wakati mtu aliiruka fyuzi kwa waya ili mashine iendelee. Draya isiyo na fyuzi ya joto na yenye bomba lililoziba imepoteza kinga yake ya mwisho dhidi ya moto. Tumefunga fyuzi mpya ya namba ile ile ya kipuri. Fyuzi ya joto ni nadra kufa kwa uzee tu. Ikikata, tafuta hewa imezuiwa wapi. Ukibadilisha fyuzi na kuacha bomba, utarudi kununua nyingine.

Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani, kwa takwimu zake za 2008 hadi 2010, ilihesabu mioto ya draya majumbani karibu 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha. Nchi ile nyumba nyingi zina draya, kwa hiyo tusiilinganishe na yetu kwa idadi. Sababu ndiyo inayotuhusu.

Dakika za baada: D1, 45. D2, 47.

Siku ya 3: D3 ya Marekani

Filta yake inavutwa kwenda juu, kwenye uso wa juu wa mashine, si mlangoni. Imeoshwa, imepita kipimo cha maji. Lakini mashine haitawashwa, na sababu inastahili kuandikwa kwa kuwa makontena ya namna hii yanazidi.

Draya ya umeme ya Marekani inapokea nyaya mbili za moto na moja ya nyutro. Kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 240 za hita. Kati ya mmoja wa moto na nyutro kuna 120, nazo ndizo zinazoendesha mota na saa. Stika inasema 120/240, muuzaji anasoma 240 na kusema inafaa Kenya. Umeme wetu una waya mmoja wa moto wa 240 na nyutro. Mota ya 120 ikipewa 240 inaungua ndani ya dakika chache.

Transfoma inaweza kurekebisha volti. Haiwezi kurekebisha mizunguko ya umeme kwa sekunde (Hz). Mota ya 60 Hz ikiwekwa kwenye 50 Hz yetu inapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na feni iko kwenye mota hiyo hiyo. Hewa inapungua, hita inabaki na nguvu zake zote, themostati, yaani kidhibiti cha joto, inakata na kuwasha mfululizo. Ni sawa na kuwa na filta iliyoziba nusu tangu siku ya kwanza. Uamuzi: D3 inatolewa vipuri. Rola za dramu na mkanda wake ni vizima.

Siku ya 4: D4 ya gesi

Ya kibiashara, ya bomba. Filta si ya mlangoni: ni droo pana ya wavu chini ya dramu, nyuma ya mlango wenye kufuli. Kufuli ndilo lililowafanya wafanyakazi waamini kwamba mle ni mahali pa fundi tu. Ni pa kila siku. Kwa mashine inayobeba mizigo mikubwa, droo hiyo ifutwe asubuhi, mchana na jioni.

Chumba cha bana, yaani kichomeo cha gesi, kimefyonzwa, kwa kuwa usufi unaotambaa sakafuni unavutwa na hewa ya moto wa gesi. Mwali umekaguliwa: wa buluu, umetulia. Ungekuwa wa njano na wenye masizi, jambo la kwanza la kushuku lingekuwa jeti. Draya iliyotengenezwa kwa gesi asilia ina jeti yenye tundu kubwa kuliko inayohitajika kwa gesi ya mtungi, na mitungi ndiyo gesi yetu. Maungio yamepakwa maji ya sabuni. Hakuna povu lililotokea.

Bomba la draya ya gesi halimalizikii ndani ya chumba hata kwa siku moja. Linabeba moshi wa moto pamoja na mvuke, na ndani ya moshi huo kuna monoksidi ya kaboni, ambayo hainuki.

Siku ya 5: D5 ya kondensa

Dakika za kabla: 95, na dimbwi la maji sakafuni kila mzigo wa pili.

Humu mna hewa za aina mbili zisizokutana. Ya kwanza ni ya moto, inazunguka kati ya nguo, filta na kondensa. Ya pili ni ya chumbani, inapita ndani ya kondensa kwa njia za kukatisha ili kuipoza ile ya kwanza, mvuke ukageuka maji. Maji yanashuka kwenye kisima kidogo chini, pampu inayapandisha kwenye tangi juu.

Kwa hiyo mahali pa kunasa usufi ni pane: filta ya mlangoni, uso wa kondensa, raba inayoizunguka, na kisima cha pampu. Wafanyakazi walikuwa wanajua pa kwanza tu.

Hatua zilizofanyika. Subiri mashine ipoe nusu saa. Tandika kitambaa, fungua kijilango cha chini, geuza vikomeo viwili, vuta boksi la kondensa kwa mikono miwili. Lina maji, liinamishe kidogo. Lisafishe kwa maji ya bomba yanayotiririka, kwa urefu kisha kwa upana, mpaka unaona mwanga kupitia kila tundu. Usichokoe kwa bisibisi wala msumari. Kuta zake ni nyembamba, na tundu moja likichanwa hewa mbili zinachanganyika. Maji ya kasi ya mashine ya kuoshea magari pia ni mwiko. Lisimamishe lichuruzike.

Wakati linachuruzika, futa raba na mahali linapokaa. Dimbwi la sakafuni lilitokea hapa: uzi wa usufi mnene kama kidole ulikuwa umelala juu ya raba, na kondensa haikukaa sawasawa. Kwenye kisima tumetoa tope la kijivu lililomzuia boya asiinuke. Boya ndilo linalowaambia vyombo vya umeme kwamba maji yamejaa. Likinasa chini, maji yanafurika. Likinasa juu, taa ya tangi inawaka hata tangi likiwa tupu.

Rudisha boksi na ugeuze vikomeo mpaka mwisho. Vikiachwa nusu, mvuke unavuja na ukuta wa nyuma unatoka jasho.

Na kuna suala la chumba. Vitabu vingi vya draya za kondensa vinataka chumba kisichozidi nyuzi 35. D5 ilikuwa kwenye kona isiyo na dirisha, pembeni ya D4. Ilikuwa inajaribu kupoza mvuke kwa hewa ya moto, na mwezi wa Februari Mombasa hilo halina matokeo. Imehamishiwa karibu na dirisha, sentimita 10 kutoka ukutani.

Maji ya tangi yanafaa kupigia deki. Si ya kunywa.

Dakika za baada: 58.

Siku ya 6: D6 ya pampu ya joto

Dakika za kabla: 150. Lalamiko lilikuwa kwamba mashine hii ni dhaifu kwa asili na wati zake chache ni ushahidi. Si kweli. Wati ni chache kwa kuwa joto halitupwi: kompresa inalichukua upande wa baridi, ambako mvuke unageuka maji, na kulirudisha upande wa moto. Nguo zinakaushwa kwa joto la chini, na kazi yote inabebwa na wingi wa hewa. Ndiyo sababu aina hii inaumia kwa filta chafu kuliko nyingine zote. Draya ya bomba ikikosa hewa, angalau ina hita kali. Hii haina cha kukimbilia.

Filta ya mlangoni ni mbili zilizopachikana, ya nje na ya ndani. Zitenganishwe, kila moja ifunguliwe. Ya ndani ilikuwa haijawahi kutolewa.

Nyuma ya kijilango cha chini kuna sponji. Imeoshwa kwa maji ya uvuguvugu, imekamuliwa bila kusokotwa, imeanikwa kivulini. Sponji kwenye jua la hapa inakuwa ngumu na kuvunjika kama biskuti. Ya D6 tayari ina mchaniko wa sentimita 4, na nyuma ya mchaniko huo mapezi yalikuwa yamevaa usufi kwa umbo lile lile. Sponji mpya imeagizwa.

Mapezi yenyewe ni ya alumini, membamba, makali kama wembe. Upande unaotazama mbele ni ule wa baridi na wenye maji, kwa hiyo usufi ukifika pale hauketi kama vumbi, unaganda kama karatasi iliyolowa. Vaa glavu. Acha ukauke kwanza, usiku mzima kijilango kikiwa wazi. Ukiwa mbichi unasukumwa ndani. Kisha mashine ya kufyonza yenye brashi laini, kutoka juu kwenda chini kwa kufuata mapezi, kamwe si kukatisha. Ukikatisha unayalaza, na pezi lililolala linaziba njia kuliko usufi. Hewa ya kompresa ya gereji hapana: inaupeleka usufi ndani mahali ambapo hakuna brashi itakayofika. Kisu hapana kabisa. Nyuma ya mapezi kuna bomba la gesi.

Gesi ya D6 ni R290, propani. Stika yake ina pembetatu ya mwali, na kiasi chake hakizidi gramu 150. Fundi wa friji aliyezoea kuchomelea kwa moto asiguse saketi hiyo kama hajui gesi gani imo.

Zipo pampu za joto zisizo na kijilango cha chini. Hizo zinajiosha mapezi kwa maji yale yale yaliyotoka nguoni, wakati mashine inafanya kazi. Ukikosa kijilango usifungue bodi kukitafuta. Matunzo yake ni filta na tangi. Ila filta isisahauliwe kwa kisingizio kwamba mashine inajiosha: maji yale hayatoshi kwa usufi wa filta iliyochanika.

Aina hii itaongezeka madukani kwetu. Tangu tarehe 1 Julai 2025 masharti mapya ya Umoja wa Ulaya yamekaza matumizi ya umeme ya draya za nyumbani kiasi kwamba mpya zinazoingizwa soko lile ni za pampu ya joto. Mitumba ya huko itafuata.

Baada ya kusogezwa, D6 imesimama wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Dakika za baada: 84.

Siku ya 7: D7, vihisi unyevu, na kadi

D7 haina filta ya usufi. Wafanyakazi walikuwa wanaitafuta. Usufi wake unaoshwa na maji ya kupozea na kushuka kwenye filta ya pampu, chini mbele, kile kifuniko cha mviringo. Tandika sinia kabla ya kukifungua. Baada ya kukausha taulo, endesha mzunguko wa suuza bila nguo. Usufi uliobaki kwenye raba ya mlango unatoka, vinginevyo utaukuta kwenye shati jeusi la mteja anayefuata. Kosa lake kubwa ni ujazo: modeli hii inafua kilo 8 lakini inakausha 5. Tatu zitoke kwanza.

D1, D5 na D6 zina vihisi unyevu, vipande viwili vya chuma ndani ya dramu. Dawa ya kulainisha inavipaka nta, na mashine inajizima ikidhani nguo zimekauka. Vimefutwa kwa pamba yenye spiriti. D6 ilikuwa inajizima mapema kwa ajili hiyo hiyo, kisha inawashwa upya kwa mkono.

Kuhusu ratiba tumeacha siku na miezi. Vitabu vinasema "kila mwezi" vikifikiria nyumba yenye mizigo mitatu kwa wiki, yaani kama 12 kwa mwezi. Hapa mashine moja inabeba minane kwa siku. Mwezi wa kitabu unaisha kesho mchana. Kwa hiyo kadi inahesabu mizigo, kwa vijiti vya kalamu.

Kadi za D1 na D2: filta kila mzigo, kipimo cha maji kila mizigo 50, shimo la feni kila 100, bomba lifunguliwe kila 500. D4: droo mara tatu kwa siku, chumba cha bana kila wiki. D5: filta kila mzigo, kondensa na raba kila 15, kisima kila 100. D6: filta zote mbili kila mzigo, sponji kila 15, mapezi yakaguliwe kwa tochi kila 30 na kufyonzwa pale tu yanapohitaji. D7: filta ya pampu kila 10. Vihisi kila 50.

Namba hizi ni za duka lenye taulo nyingi. Taulo mpya na kanga mpya zinabanduka zaidi ya nguo zilizofuliwa mara kumi; mizigo ya namna hiyo ihesabiwe miwili.

Yaliyobaki: sponji ya D6 haijafika, mchaniko umeshonwa kwa uzi wa nailoni kwa muda na mapezi yatamulikwa kila jioni. Sufi ya mdomo wa dramu ya D1 imeisha upande wa kushoto, kipuri kinatafutwa. Wavu wa mbu uliotolewa ukutani umewekwa kaunta, na blanketi lake.